Sauti Iliyotoka Shamba

Wanawake wanaoteremka Uluguru na ndizi kichwani hunadi kwa sauti inayovuka kelele zote za soko kuu la Morogoro. Utotoni tuliwacheka: watu wa mlimani hao. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mmoja wao. Nami nilicheka pamoja na wenzangu.

Labda ndiyo maana nilipousoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, sifa za tabia njema, ambazo mwandishi hakuzifanyia ubahili, hazikunishika sana. Nilinasa kwenye vyungu. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa kwa kuwa alizaliwa utumwani. Kabla ya kuimba alitembeza vyungu mjini. Katika simulizi za maisha yake, vyungu huwa dhiki aliyoiacha nyuma. Mimi naona vilikuwa shule. Anayenadi njiani hujifunza kulipeleka neno mpaka ndani ya nyumba iliyofungwa mlango, na likifika lieleweke. Mafunzo ya muziki aliyapata baadaye.

Wapinzani walimsimanga kwa wimbo kwamba alitoka shamba na kaniki zake. Alijibu kwa wimbo pia, na hakukana shamba. Alisema uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ni kukosa akili.

Taarabu ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaimba Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatorokea bara. Nikiusikiliza namsikia yule mnadi: habari imetolewa barabarani, asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Jina zuri. Lakini sauti yenyewe wangapi tumeisikia? Darasani kwetu, shahada ya uzamili hiyo, tulijadili Wasifu wiki nzima bila kucheza hata santuri moja.

Likizo nilipanda Towero, nikamwekea bibi wimbo mmoja kwenye simu. Sauti kali, ya puani kidogo, juu ya mikwaruzo. Alikuwa anamenya ndizi. Akainua kichwa, akauliza, "Huyo anauza nini?"