Uzumaki, Ukiisomea Kibosho

Ukiisomea Uzumaki huku Kibosho, konokono wake hawatishi sana. Konokono tunao migombani. Anayetisha ni Shuichi.

Junji Ito alichora katuni hii kati ya 1998 na 1999: mji mdogo wa Japani unaolaaniwa na umbo la kujisokota, kama ganda la konokono. Shuichi anasoma mji wa jirani na kurudi kila siku kwa treni, ndiyo maana anaona ambacho waliobaki hawakioni. Anamsihi mpenzi wake, Kirie, watoroke. Hawatoroki. Baadaye, hata wanaojaribu kutoka, njia zinawarudisha palepale.

Mchagga anayesoma Dar anamwelewa kijana huyu. Desemba mabasi yanajaa, kila njia inaelekea kihambani, na humo kihambani, hatua chache kutoka mlangoni, wamelala babu na bibi. Tunaita hayo mapenzi ya nyumbani, na kweli ni mapenzi. Ito anauliza lile tusilouliza mbege ikiwa mezani: na kama nyumbani panakuita na wewe hutaki?

Tena hatupi mchawi. Simulizi zetu nyingi za kutisha humtafuta mchawi, akipatikana, tunalala. Hapa hakuna wa kufukuzwa kijijini.

Anime ya 2024, vipindi vinne vya rangi nyeusi na nyeupe, ilianza vizuri, kisha kuanzia kipindi cha pili michoro ikalegea. Ila tatizo si michoro tu. Kwenye video balaa linakujia lenyewe. Kwenye katuni, kidole chako ndicho kinachofunua ukurasa.