Kuifunga Shingo Bila Kuigusa Ateri

Geuza kichwa uangalie bega lako. Karibu nusu ya mzunguko huo hufanyika kwenye kiungo kimoja, kati ya pingili ya kwanza ya shingo, atlasi, na ya pili, aksisi. Aksisi ina jino la mfupa lililosimama ndani ya pete ya atlasi, na nyuma ya jino hilo hupita ugwe mgongo. Jino likivunjika, au kano inayolishikilia ikiliwa na baridi yabisi, atlasi yaweza kuteleza na kuubana ugwe. Hapo pingili hizo mbili hazina budi kufungwa pamoja.

Madaktari wa upasuaji Mixter na Osgood walitumia uzi mnene wa hariri mwaka 1910. Gallie (1939), kisha Brooks na Jenkins (1978), walitumia waya uliobana kipande cha mfupa nyuma ya pingili. Waya huzuia shingo isiiname, lakini kwenye mzunguko ni dhaifu, hasa ule wa Gallie. Ndiyo maana wagonjwa wengi walivalishwa halo, pete iliyokazwa kwenye fuvu kwa pini, kwa miezi kadhaa. Wa Brooks una nguvu zaidi, ila hupitishwa chini ya matao ya pingili zote mbili, ugwe ukiwa hapo hapo.

Magerl, huko Uswisi, aliingia ndani ya kiungo chenyewe: skrubu moja kila upande, kutoka nyuma ya aksisi, ikipanda na kuvuka hadi kwenye atlasi. Mzunguko ukakoma. Ila mwinuko wa skrubu hiyo ni mkali mno. Keekee huingizwa kupitia ngozi ya chini kabisa, shingo inapokutana na mgongo, na mgonjwa mwenye kibiongo humnyima daktari pembe hiyo. Tena pingili lazima ziwe zimeshakaa sawa kabla ya kutoboa. Tatizo kubwa kuliko yote ni ateri ya uti wa mgongo: kwa watu wengine mfereji wake ndani ya aksisi hupanda juu hadi skrubu inakosa pa kupita.

Jibu lilitoka Mumbai. Goel alitia skrubu zilizotengana, moja kwenye atlasi na moja kwenye aksisi, akaziunganisha kwa bamba; yeye na Laheri walichapisha mwaka 1994. Mwaka 2001 Harms na Melcher, Ujerumani, wakaeleza wagonjwa 37 waliotiwa skrubu zenye vichwa vinavyogeuka na fito. Wengi huitaja njia hii kwa jina la Harms peke yake, jambo ambalo si haki. Kwangu, faida yake kuu ni mpangilio wa kazi: skrubu huingia kwanza, kisha hizo hizo hutumika kuirudisha pingili mahali pake.

Gharama yake ni damu. Sehemu ya kutilia skrubu ya atlasi imefunikwa na wavu wa vena, na neva ya pili ya shingo imelala juu yake. Goel huikata neva hiyo, na kisogo hufa ganzi. Harms huisukuma chini, akitumia skrubu yenye shingo laini isiyo na nyuzi ili isiisugue.

Skrubu ya aksisi bado hupita jirani na ateri. Mwaka 2004 Wright alizilaza mbili zikipishana ndani ya tao la nyuma, mbali na ateri kabisa. Tao likiwa jembamba, hazitoshi. Kwa hiyo mimi huanza na picha za CT, si na jina la njia.