Manowari za Matanga katika Riwaya ya Kihistoria

Riwaya ya vita vya baharini katika zama za matanga ina mizizi mirefu katika fasihi ya Kiingereza, tangu Frederick Marryat, aliyekuwa mwanamaji kabla ya kushika kalamu. Kwa msomaji wa pwani yetu, iliyo karibu zaidi ni The Mauritius Command ya Patrick O'Brian, iliyotolewa mwaka 1977, kwani vita vyake vinapiganwa katika Bahari ya Hindi.

Mwandishi amejenga hadithi yake juu ya mambo yaliyotukia. Mwezi Agosti 1810 Waingereza walishindwa na Wafaransa pale Grand Port, wakapoteza manowari nne; mwezi Desemba walirudi na jeshi kubwa wakakiteka kisiwa. Uongozi wa Josias Rowley amepewa Jack Aubrey, mhusika wa kubuni. Hiyo ni ruhusa ya mtunzi, mradi asipotoshe matokeo. Wala O'Brian haoni haya kusimulia kushindwa kwa watu wake, au ukatili wa nahodha anayewachapa mabaharia mijeledi. Msomaji ajuaye mlingoti, foromali na kupiga bisha ataona upesi kwamba upepo na kina cha maji viliamua vita sawasawa na mizinga. Manowari zilipopanda mwamba pale Grand Port, ushujaa haukuzinasua.

Hata hivyo yatupasa kuuliza: kisiwa hicho kilikuwa cha nani? Mashamba yake yalilimwa na watumwa, wengi wao wakitoka Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Bendera ilipobadilishwa mwaka 1810, watumwa wa kisiwani walibaki watumwa hadi mwaka 1835. Katika riwaya hii hakuna hata mmoja wao aliye mhusika mkuu.

Kasoro hiyo inatokana na mahali anaposimama msimulizi. Atazamaye nchi kavu kutoka sitahani huona ngome, bandari na bendera. Mwenye jembe yu mbali mno na darubini yake. Basi tuzisome riwaya hizi kwa ajili ya ufundi wake, nao waandishi wetu wachukue kalamu waisimulie bahari hiyo hiyo kwa macho ya aliyesafirishwa chini ya sitaha.