Sikio la Tabibu wa Muziki

Anayetibu kwa muziki huchoka kuliko anayetumbuiza arusini, na kinachomchosha si mikono. Mpigaji wa arusini huongoza, watu wakamfuata. Tabibu huanza kwa kufuata. Mgonjwa akihema haraka, mdundo nao huanza haraka, kisha hushushwa kidogo kidogo mpaka pumzi ishuke nao. Akinyamaza, tabibu hungoja. Ndiyo maana nasema huu ni ufundi wa kusikiliza kabla ya kuwa ufundi wa kupiga, na kwamba mashariki mwa Uganda, toka Bugembe, makao ya ufalme wa Busoga, hadi Mbale, mafundi wake wamekuwapo siku zote, ingawa wengi hawakuwahi kuitwa matabibu wala kupewa chumba na meza.

Watazame wapiga ngoma za kadodi wa Mbale. Kila mwaka wa shufwa Wamasaba hutahiri vijana wao katika imbalu, na kijana hutakiwa asimame mbele ya kisu bila kutikisika. Ngoma humsindikiza vijijini siku kadhaa kabla. Hazimwondolei maumivu, humjengea moyo wa kuyapokea. Au chukua TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, ambalo lina kituo Jinja: vikundi vyake vya nyimbo na maigizo viliundwa na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wenyewe. Atatokea mtu wa kusema wimbo hauui kirusi. Hauui, na anayedai unaua ni tapeli. Lakini kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, hospitali ilikuwa na machache ya kutoa, na aibu ilikuwa inawafungia watu ndani. Kumsikia mwenzako akiutaja ugonjwa wake hadharani, tena kwa kuimba, kulifungua milango ambayo bango la serikali lilishindwa kuifungua. Dawa zilipofika zilimhitaji mtu aliyekwisha kukubali kupimwa.

Pingamizi zito zaidi ni la siku hizi: simu ina nyimbo zote, fundi wa nini? Simu hupiga ilichowekewa, hata msikilizaji akilia. Haijui kungoja. Na kungoja huko hakuandikiki kitabuni kukatosha. Hufundishwa ana kwa ana, na hapo ndipo hatari ilipo. Busoga inaijua hatari hiyo vizuri. Bigwala, tarumbeta za vibuyu za ikulu ambazo kila moja hutoa sauti yake moja tu, hata wapigaji walazimike kusikilizana ili wimbo mmoja upatikane, zilidhoofika baada ya falme kufutwa miaka ya 1960. UNESCO ilipoziweka mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mabingwa wazee waliobaki walikuwa wanne.

Ili ufundi wa kungoja nao usibaki mikononi mwa wazee wachache, tusisubiri mabingwa waondoke: mtumishi wa serikali Uganda hustaafu akiwa na miaka 60. Tabibu wa muziki aliyebakiza miaka michache asiongezewe wagonjwa kwa sababu ni mzoefu. Apunguziwe, akabidhiwe wanafunzi wawili wa kuketi kando yake kazini, na mafunzo hayo yahesabiwe katika mshahara wake. Waajiri wa Jinja na Mbale waanze sasa, kabla ya barua ya kustaafu.