Utando Mwembamba wa Chien-Shiung Wu

Enrico Fermi alikuwa ameeleza kinadharia elektroni zinazorushwa na kiini cha atomu kisicho imara zitakuwa na nguvu kiasi gani. Lakini waliopima walikuta elektroni za polepole ni nyingi mno kuliko alivyotabiri, na wengi wakaanza kuishuku nadharia. Chien-Shiung Wu, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alishuku kitu kinachopimwa. Kikiwa kinene, au kina vinundu, elektroni hupoteza nguvu humohumo kabla hazijakifikia chombo cha kuzihesabu. Basi akataka salfeti ya shaba yenye mnururisho itandae iwe utando mwembamba, sawa kila mahali. Chumvi ikikauka yenyewe hujikusanya mafungumafungu, kwa hiyo akatia sabuni kidogo kwenye mmumunyo. Ukatambaa, ukakauka laini. Vipimo vya 1949 vikampa Fermi haki yake.

Naipenda sana sabuni ile. Hakuna mashine mpya iliyohitajika, ila mtu aliyetazama kwa makini jinsi tone linavyokauka.

Wu alizaliwa 1912 mjini Liuhe, karibu na Shanghai. Baba yake ndiye aliyeanzisha shule ya wasichana alikosoma. Mwaka 1936 alivuka bahari kwenda Marekani.

Miaka ishirini baadaye, Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang waliuliza kama kweli maumbile hayabagui kushoto na kulia, jambo ambalo wanafizikia karibu wote walilichukulia kuwa halina mjadala. Ili kulijaribu hilo, Wu alighairi safari aliyoipanga na mumewe, mume akapanda meli peke yake, yeye akashika njia ya Washington kwenye maabara ya baridi kali. Kobalti-60 ilipaswa kupozwa hadi takriban sehemu ya mia ya digrii moja juu ya sufuri halisi, viini vyake vielekezwe upande mmoja kwa sumaku, kisha elektroni zihesabiwe kuona kama zinapendelea upande mmoja. Tabaka la kobalti, lenye unene wa milimita 0.05 hivi, lilioteshwa juu ya fuwele. Dalili ikaonekana kwa muda mfupi tu, ikapotea: tabaka lilikuwa limepata joto. Lilihitaji kuzungushiwa fuwele kubwa, nao, Wu na wenzake wa maabara, walikuwa na unga tu. Wu akarudi Columbia, na kwa wiki tatu yeye na mwanafunzi wake wakaziotesha, moja baada ya nyingine, hadi zikapatikana kama kumi, angavu, zisizo na ufa. Gundi ya kuziunganisha ikashindwa na baridi, zikafungwa kwa uzi mwembamba wa nailoni.

Elektroni zilitoka kwa wingi upande mmoja, na sumaku ilipogeuzwa, nazo zikahama: maumbile hubagua. Hata hapo kikosi kiliendelea kutafuta kosa hadi usiku wa kuamkia 9 Januari 1957.

Nobel ya mwaka huo walipewa Lee na Yang peke yao. Wu alidhulumiwa, nasema bila kusita. Tuzo ya Wolf ya fizikia ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1978, ilikwenda kwake.