Konkuru iko wazi, lakini swali lilitoka kwa nani?

Bandugu wanafunzi na walisansie, leo nachambua kitu ambacho wengi wetu tunakikimbilia: konkuru za uvumbuzi juu ya usafirishaji wa mizigo. Unaona tangazo, "iko wazi kwa wote", unajaza fishi usiku kucha mpaka mega zinaisha. Mimi pia nilijaza moja. Jina lake naliacha.

Waliuliza: vijana watarahisisha usafirishaji namna gani? Mimi niko mtu wa kilimo, nikaandika kile naonaka ku mto. Mchele unavuka Lualaba kutoka Alunguli ndani ya pirogi, unashushwa huku Kasuku kwenye matope, kisha unangojea kinga. Mvua ikinyesha, mfuko unalowa, bei inaanguka, na mama mwenye mali anarudi na deni. Nikapendekeza banda dogo, mbao za kuinulia mifuko, na bashi. Jibu: wazo ni zuri, lakini hakuna teknolojia ndani.

Hapo njo ugonjwa wa konkuru nyingi: jibu linachaguliwa mbele ya swali.

Tuangalie kwa jirani. Mwezi wa pili 2020, Rwanda ilipokea Lake Kivu Challenge: mashindano ya droni juu ya ziwa, kupeleka mzigo wa haraka, kuchukua sampuli za maabara, na kutafuta kitu na kukichunguza toka juu. Siyadharau. Kwa dawa, kupita juu ya maji kunaweza kuokoa mtu. Lakini mlango ulikuwa wa droni tu. Mwenye kutengeneza pirogi bora angeingilia wapi? Na mfuko wa mchele hauwezi kupanda droni ndogo ya kubeba dawa.

Sasa linganisheni na konkuru ya zamani. Mwaka 1714 bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayewezesha meli kujua iko wapi baharini, mashariki ao magharibi. Halikusema kwa chombo gani. Wataalamu wa nyota walingojea jibu toka mbinguni. John Harrison, seremala aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa, akaleta saa. Waamuzi wakamzungusha kweli kweli: malipo ya mwisho aliyapata 1773, akiwa na miaka 80. Swali lilikuwa wazi. Vichwa vya waamuzi, hapana.

Kwa hiyo naona hivi: konkuru haiko wazi kwa sababu kila mtu anaweza kujaza fishi. Iko wazi kama mwenye mzigo alisaidia kuandika swali, na kama anakaa kati ya waamuzi.

Association yetu inaweza kuanza na kidogo. Twende ku mto, tuulize wamama na wapiga kafi: nini inawapotezea feza? Hilo njo liwe swali. Na mshindi asipewe kombe na picha. Apewe kazi ya kujenga kile alichoandika.

Wewe ungeweka nani kati ya waamuzi?