Waipa za Pikapu ya Ford

Pikapu za Ford F-100 za 1953 hadi 1956 zina wapenzi wengi Marekani, na madigadi yake yaliyovimba yanastahili mapenzi hayo. Waipa ni habari nyingine. Nyingi ziliendeshwa na mvuto wa hewa uliopitia mpira kutoka kwenye manifoldi ya injini. Gari likisimama injini ikiwaka, waipa hukimbia. Kanyaga mafuta kupanda mlima, kabureta inafunguka, mvuto unakwisha, nazo zinakwama katikati ya kioo mvua ikiwa ndiyo kwanza inakolea.

Dawa yake ni mota ya umeme. Kuipata si shida. Kuifunga ndiko kunakomtambulisha fundi. Kwanza huiwasha mezani, kisha huizima na kusubiri. Ndani mna swichi ndogo inayoendelea kupitisha umeme hadi ekseli ifike mahali pake pa kupumzika. Hapo tu ndipo anapofunga kikono kwenye ekseli hiyo. Akikifunga kabla, kila akizima, waipa zitalala mbele ya macho ya dereva.

Kikono huzunguka duara zima, na fito mbili hugeuza mzunguko huo kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kikizidi urefu kwa milimita chache, waipa hugonga fremu. Kikipungua, huacha maji pembeni. Kwa hiyo anatoboa, anajaribu kwa mkono, anapiga tupa, anajaribu tena. Kioo hukilowesha, maana mpira wa waipa kwenye kioo kikavu hung'ang'ania na kumdanganya. Tena hupima kwa kasi kubwa, kwa sababu waipa zikikimbia hupitiliza kidogo. Subira hii mimi naiona ni nusu ya kazi, ingawa mteja haioni kwenye bili.

Umeme nao una mitego. Ford hizi zilitumia volti 6, chanya ikifungwa kwenye bodi, mpaka 1956 zilipohamia volti 12 na kugeuza mpangilio huo. Mota yenye sumaku za kudumu, ikiungwa kinyume, huzunguka kinyume.

Swichi mpya huvishwa kitufe kile kile cha zamani, uamuzi ninaoupenda. Hubaki tundu la mpira kwenye manifoldi. Fundi mzuri huliziba kwa plagi ya chuma, kwani likiachwa wazi injini hunyonya hewa isiyopitia kabureta, na ikizunguka polepole hutetemeka.